Mwanangu anaigiza kijana anayefungwa. Nimtoe jukwaani?

*“Mwalimu, shikamoo. Sisi ni Wakongo wa Uvira, tuliishi kambi ya Nyarugusu miaka kumi na mitatu kabla ya kuletwa hapa Louisville, Kentucky. Mwanangu wa pili ana miaka 15, amezaliwa kambini. Mwaka huu shule imemsimamisha masomo mara mbili: siku tatu kwa ajili ya simu, halafu siku tano, wakasema amemkosea mwalimu adabu. Mara zote mbili nilitia sahihi karatasi ya manjano ambayo sikuielewa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisomea. Sasa amejiunga na kikundi cha maigizo cha vijana. Wanaandaa igizo la wavulana wanaotoka darasani na kuishia gerezani, wenyewe wanaita ‘bomba’. Yeye ndiye anayefungwa. Nilienda kuwatazama wakifanya mazoezi. Jukwaani kuna kiti kimoja tu. Kwanza ni kiti cha darasani, kisha cha ofisi ya mwalimu mkuu, kisha cha gari la polisi, kisha cha mahakamani, na mwanangu amekaa hapo hapo tangu mwanzo hadi mwisho. Usiku ule sikulala. Baba yake anasema tunajitabiria mabaya, mtoto atoke kwenye igizo na apelekwe kwa mjomba wake Kigoma akanyooshwe. Mimi nauliza: wanayoyaigiza ni kweli au wametia chumvi? Nimtoe? Na onyesho likiisha, watazamaji wataombwa waseme lolote. Mimi mama yake niseme nini? Onyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo.”*

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale uliposema “yeye mwenyewe ndiye aliyenisomea”. Nitarudi hapo, maana kwangu hapo pana hatari kuliko igizo lenyewe. Lakini kwanza nikujibu ulichouliza, usije ukaisubiri Jumamosi kwa hofu: usimtoe.

Nilifundisha Kasulu miaka saba kabla ya kuja Marekani, na huku kazi yangu ni kukaa pamoja na wazazi kwenye vikao vya nidhamu vya shule. Kwa hiyo hofu ya baba yake naielewa. Kwetu tunaamini maneno huumba, na mtoto anayejiita mfungwa kila jioni kwa wiki sita anamtia mzazi baridi. Ila nina sababu ya kumtuliza. La Grange, mwendo usiofika saa moja kutoka hapo mlipo, kuna gereza liitwalo Luther Luckett. Tangu 1995 wafungwa wa humo wamekuwa wakiigiza tamthilia za Shakespeare, kazi iliyoanzishwa na Curt Tofteland. Wanaume waliofanya makosa mazito wanasimama mbele ya wenzao na kusema maneno ya mtu anayejutia damu aliyoimwaga. Huwezi kuliigiza kosa vizuri bila kulitazama kwanza kutoka nje. Na mwanao anafanya hivyo akiwa na miaka 15, akiwa huru, na jioni anarudi kula ugali nyumbani kwako.

Sasa, ni kweli au ni chumvi? Kweli ni nyingi kuliko chumvi, ila hilo jina “bomba” linaweza kukupotosha. Maji yakishaingia kwenye bomba hayana hiari, yatatokea upande wa pili tu. Wavulana hawako hivyo. Wengi sana husimamishwa shule na kamwe hawaioni mahakama. Wala hakuna ofisi mahali fulani ambako watu wamekaa wakipanga kumfunga mtoto wako. Kinachotokea ni kwamba watu wengi, kila mmoja mahali pake, hufanya jambo dogo ambalo yeye huliona la kawaida: mwalimu aliyechoka anaandika ripoti, mwalimu mkuu anaipiga muhuri, polisi wa shule anaitwa, karani wa mahakama anafungua faili. Ukiyapanga mambo hayo madogo kwa mfuatano, unapata kile kiti ulichokiona. Kiti hakisogei, ila waliokizunguka wanabadilika.

Mwaka 1994 Marekani ilipitisha sheria iliyozitaka shule zimfukuze kwa mwaka mzima mwanafunzi atakayeleta bunduki. Hiyo inaeleweka. Lakini ukali uliotungiwa bunduki ukaanza kutumika kwa mambo mengine: ugomvi wa kusukumana, lugha chafu, kuchelewa, simu. Baada ya wanafunzi kuuawa katika shule ya Columbine, Colorado, mwaka 1999, polisi nao wakazidi kuwekwa mashuleni. Nia ilikuwa kuwalinda watoto. Ila polisi akishakuwa kwenye korido kila siku, ugomvi ambao zamani ungeishia kwa mwalimu wa zamu unaweza kuishia kwenye jalada la kesi.

Huko Texas watafiti waliwafuatilia wanafunzi karibu milioni moja tangu darasa la saba, na ripoti yao ikatoka 2011. Karibu 60 kati ya kila 100 walisimamishwa au kufukuzwa angalau mara moja kabla ya kumaliza shule. Katika kila adhabu 100 za namna hiyo, 97 hazikuwa zile ambazo sheria ya jimbo inamlazimisha mwalimu mkuu azitoe; zilikuwa hiari ya shule yenyewe. Na aliyeadhibiwa kwa hiari hiyo alikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kuingia mikononi mwa mfumo wa sheria za watoto katika mwaka uliofuata. Kuhusu rangi, takwimu za serikali ya Marekani za mwaka wa masomo 2013–14 zilionyesha kuwa wanafunzi weusi walisimamishwa karibu mara nne ya wanafunzi weupe. Huyu wako akikatiza kwenye korido, hakuna anayeuliza kama alizaliwa Louisville au Nyarugusu.

Baba yake anaweza kusema: wanaosimamishwa ndio watundu, na watundu ndio wanaofungwa, kosa la shule liko wapi? Ni swali zuri na nimelisikia vikaoni mara nyingi. Jibu bora ninalolijua linatoka Charlotte, North Carolina. Mwaka 2002 mipaka ya shule za mji huo ilichorwa upya, na watoto waliofanana kwa mtaa na kwa hali wakajikuta wamepangiwa shule tofauti. Waliopangiwa shule zenye mkono mwepesi wa kusimamisha walipokuwa watu wazima walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 15 hadi 20, wa kukamatwa na kufungwa. Kwa hiyo si tabia ya mtoto peke yake. Ukali wa shule nao unasukuma.

Unasukumaje? Hebu nikutajie ninachokiona vikaoni. Wewe umemlea mwanao vizuri: mkubwa akisema naye, anainamisha macho. Kwetu hiyo ndiyo heshima. Mwalimu wake huku anamwambia “nitazame ninapoongea nawe”, naye anazidi kuinama. Mwalimu anaona kiburi, au anaona mtu anayeficha jambo. Anapandisha sauti. Kijana, mbele ya wenzake thelathini, anasonya. Anaweza kuwa anajisonya mwenyewe, kwa aibu. Lakini kumsonya mtu ni tusi hata huku, na watu weusi wa Marekani wanalijua vizuri. Basi, kwenye karatasi inaandikwa “ukaidi na utovu wa heshima”, siku tano. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa mwanao, sikuwepo. Ninakuomba umuulize, lakini si “ulifanya nini?”, maana swali hilo analijua na jibu lake analijua. Mwambie asimame akuonyeshe. Akae kwenye kiti, wewe uwe mwalimu. Kijana anayejua kuigiza atakuonyesha kwa dakika mbili jambo ambalo hatakueleza kwa wiki mbili.

Kisha zile siku tano. Kwetu mwalimu alikuwa anachapa, machozi yanakauka, kipindi cha pili mtoto yuko darasani. Nami nilichapa, na leo ningependa kuwaomba radhi baadhi ya wale watoto. Huku shule nyingi zimeacha fimbo, badala yake mtoto anaondolewa. Wewe uko kazini, baba yuko kazini, yeye yuko peke yake na simu ile ile iliyomponza. Hesabu zinasonga mbele bila yeye. Mtoto aliyekuwa akipambana na Kiingereza anarudi amepitwa zaidi, na mtu aliyepitwa hukaa nyuma ya darasa na kutafuta namna ya kuonekana. Mara ya tatu, shule inafungua faili na kuona “huyu tayari ana mbili”, na adhabu inaanzia juu. Faili hilo ndilo linalolibeba kosa la jana mpaka kesho, na wengi wetu hatujui kama lipo.

Kuhusu kile kiti, kuna jambo la kweli ambalo mwongozaji wao huenda alikuwa nalo akilini. Oktoba 2015, katika shule ya sekondari iitwayo Spring Valley mjini Columbia, South Carolina, msichana aliambiwa aache simu na atoke darasani, akakataa. Polisi wa shule akaitwa, akampindua yeye na kiti chake na kumburuta sakafuni, wenzake wakirekodi. Msichana huyo alikamatwa, na mwenzake aliyepaza sauti kumtetea akakamatwa pia, kwa sheria ya jimbo iliyolifanya kosa la “kuvuruga shule” kuwa la jinai. Sheria hiyo ilirekebishwa 2018 isitumike tena hivyo kwa wanafunzi. Ilichukua miaka mitatu na kelele nyingi, wanafunzi wenyewe wakiwa mbele. Yote yalianza na simu. Mwanao siku zake tatu za kwanza zilikuwa za nini? Ndiyo maana namwamini anapokaa kwenye kile kiti.

Kigoma sasa. Sitasema ni wazo la kipuuzi. Nimeona kijana mmoja au wawili waliotulia kwa wajomba zao. Lakini pimeni vizuri. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu akikaa nje ya Marekani mwaka mmoja au zaidi bila kibali maalumu cha kurudi, anaweza kuhesabiwa kuwa ameuacha ukaazi wake. Kama kadi bado haijatoka, safari ya mkimbizi ina masharti yake pia. Na akirudi na miaka 17, bila alama za masomo zinazotambulika huku, atakuwa amepitwa kuliko siku tano mara ishirini. Kabla hamjakata tiketi, onaneni na wakili wa uhamiaji. Mashirika yaliyowapokea mlipofika huwa yanajua pa kuwaelekeza bila gharama kubwa. Kuhusu kumchapa ili anyooke, mwambie baba kwa upole kwamba alama moja mgongoni inaweza kuleta maofisa wa ulinzi wa watoto mlangoni, na kile anachokihofia kikaanzia nyumbani.

Sasa nirudi kwenye karatasi ya manjano. Mama, kuanzia leo mwanao asikutafsirie tena kesi yake mwenyewe. Si kwamba ni mwongo. Hata mtoto mkweli akiambiwa amsomee mama yake mashtaka yake, ataruka mstari. Na si haki kumbebesha mzigo huo. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964: mzazi asiyejua Kiingereza anapaswa kuelezwa mambo ya shule kwa lugha anayoielewa, bila kulipa. Hata kama mkalimani ni wa kwenye simu, haidhuru. Ukifika ofisini sema jina la lugha yako tu, Swahili, kisha ukae usubiri. Usitikise kichwa. Usitabasamu kwa adabu, maana tabasamu lako wataliandika kuwa umekubali. Kama mkalimani hayupo, kikao kiahirishwe, na usitie sahihi chochote.

Mkalimani akishakuwepo, omba kuona faili lote la mwanao. Sheria ya 1974 inakupa haki ya kulisoma, na shule haipaswi kuzidisha siku 45 bila kukuonyesha. Tazama maneno gani yameandikwa juu ya zile adhabu mbili. Uliza: alipewa nafasi ya kueleza upande wake kabla ya kutolewa? Hilo si fadhila. Mwaka 1975, katika kesi iliyotoka Columbus, jimbo jirani la Ohio, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hata mwanafunzi anayesimamishwa siku chache lazima aambiwe kosa lake na asikilizwe. Kama hakusikilizwa, omba maelezo yake yaandikwe na yaambatanishwe kwenye faili. Hata yakiwa mistari sita, yule atakayelifungua mara ya tatu atakutana nayo.

Kuna mambo mawili ambayo shule inaweza kukupendekezea, na kila moja lina pande mbili. La kwanza ni kumpima kama ana tatizo la kujifunza au la kihisia linalohitaji msaada maalumu. Ukiona tangu kambini alikuwa hasikii vizuri, au haoni ubao, au hukasirika ghafla na kutetemeka, omba upimaji huo kwa maandishi. Akitambuliwa, anapata kinga kubwa: adhabu zikizidi siku kumi za shule kwa namna inayobadilisha mahali pake pa kusomea, lazima kwanza wakae na kujiuliza kama kosa lilitokana na hali yake. Lakini kutojua Kiingereza si ulemavu. Nimeona watoto wetu werevu wamewekwa darasa maalumu kwa sababu ya lugha tu, na kutoka humo ni kazi. Upimaji ufanyike kwa lugha inayoonyesha uwezo wake wa kweli.

La pili ni vikao vya mduara, ambapo aliyekosa na aliyekosewa wanakaa pamoja na kuyamaliza. Wewe utavitambua mara moja, ni baraza la wazee. Navipenda, lakini nisikuuzie mbuzi kwenye gunia: utafiti uliofanyika Pittsburgh na kutolewa 2018 ulionyesha kwamba siku za kusimamishwa zilipungua na walimu waliona shule zao zimetulia zaidi, lakini alama za wanafunzi hazikupanda, na za darasa la sita hadi la nane zilishuka. Mkipewa, kubalini, na masomo ya ziada myaombe vile vile.

Mambo yafuatayo usiyasubirie jibu la barua, tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana siku hiyo hiyo. Ukisikia neno “kufukuzwa”, au ukiitwa kwenye kikao ambacho polisi atakuwepo, au ukipokea karatasi ya mahakama, tafuta wakili. Mwaka 1964 mvulana wa Arizona, naye miaka 15, alishikwa kwa tuhuma ya kumpigia jirani simu ya matusi, akahukumiwa kuwekwa chuo cha marekebisho mpaka afikishe miaka 21, bila wakili. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ikasema haikuwa haki. Tangu hapo mtoto anayeweza kunyimwa uhuru wake anapewa wakili hata kama wazazi hawana senti. Mfundishe mwanao sentensi moja ya kumwambia polisi kwa heshima: nataka mama yangu na wakili kabla sijajibu. Kisha anyamaze. Na kama ninyi si raia bado, asikiri kosa lolote mahakamani kabla wakili wa uhamiaji hajasema neno.

Sababu nyingine ya kutosubiri ni mwanao mwenyewe. Kama halali, haongei, anagawa vitu vyake, au anasema heri asingezaliwa, hapo mambo ya shule yawekwe kando. Piga 988, namba ya msaada kwa mtu anayefikiria kujiua, saa yoyote, unaweza kuomba mkalimani, au mpeleke hospitali usiku huo huo. Na hata asipokuwa hivyo, muulize baada ya mazoezi anajisikiaje. Kukaa kwenye kiti cha mahakama kila jioni kunachosha moyo. Mwongozaji mzuri huwa na namna ya kuwatoa vijana kwenye nafasi zao kabla hawajaenda nyumbani: wanavua nguo za igizo, wanaitana majina yao halisi, wanakula kitu pamoja. Mwulize kama wanafanya hivyo. Kama hawafanyi, omba waanze.

Sasa Jumamosi. Hayo mazungumzo ya mwisho ni sehemu ya igizo, hata kama huandikiwi maneno. Mwigizaji Anna Deavere Smith alipotengeneza onyesho lake kuhusu jambo hili hili, alihoji watu wapatao 250, na lilipochezwa Berkeley, California, mwaka 2015, sehemu nzima ya pili waliachiwa watazamaji: waligawanywa vikundi, wakajadiliana wao kwa wao. Kwa hiyo wanapokuita useme, hawakufanyii hisani. Wanakungoja.

Sema kwa Kiswahili. Mwambie mwongozaji mapema atafute mkalimani, asiwe mwanao. Huna haja ya hotuba. Kama ningekuwa wewe, ningewaeleza ulichokiona kwenye mazoezi: kwamba kiti kilikuwa kimoja, na mama hakuwepo jukwaani hata mara moja. Darasani hayupo, ofisini hayupo, mahakamani hayupo. Nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta, sikumwona. Wapo watakaodhani mama wa namna hiyo hajali. Waambie alikuwa wapi: alikuwa kazini, na karatasi iliandikwa kwa Kiingereza.

Baba aje pia, akae karibu na jukwaa. Na ile karatasi ya manjano itafute leo, ipige picha pande zote mbili, maana Jumatatu asubuhi unakwenda nayo ofisini kwa mwalimu mkuu.